Maswali ya Wasomaji: Mwanga Unaopima Dawa na Antioksidanti Ndani ya Ngozi

SWALI: Kwenye maonyesho ya afya niliwekewa kidole kwenye kimashine chenye mwanga. Baada ya muda mfupi kikaandika 180. Muuzaji akaniambia antioksidanti zangu ziko chini mno, nikaambiwa ninunue vidonge vya miezi mitatu. Namba ile ina ukweli wowote? Mimi ni mvutaji wa sigara. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Namba ina ukweli, ila ni mdogo kuliko ulioelezwa. Na kwa kuwa umetaja sigara, tunaanza na la muhimu: vidonge vyenye beta-karotini (rangi ya chungwa ya mboga kama karoti) usivinunue.

Huko Finland, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1994 uliwapa wavutaji wa kiume miligramu 20 za beta-karotini kwa siku. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 badala ya kupungua. Marekani nao waliwapa wavutaji na waliofanya kazi kwenye asbesto miligramu 30 pamoja na vitamini A. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996, saratani ikiwa imezidi kwa asilimia 28. Muuzaji anayemshauri mvutaji vidonge bila kumuuliza kama anavuta anamweka hatarini, hata kama nia yake ni njema.

Sasa turudi kwenye kifaa. Hakipimi antioksidanti zote, yaani kemikali zinazokinga seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Kinapima kundi moja tu liitwalo karotenoidi, yaani rangi za manjano, za chungwa na nyekundu tunazozipata kwenye mboga na matunda: beta-karotini, likopeni, luteini na ndugu zao. Hizi zinaonekana kwa sababu zinafyonza mwanga wa buluu, takriban nanomita 450 hadi 500 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kifaa kinamulika ncha ya kidole kwa mwanga mweupe, kinapokea mwanga unaorudi, kisha kinakokotoa buluu iliyopotea. Kidole kinabanwa kwa makusudi. Himoglobini ya damu nayo ina kilele kikali karibu na nanomita 415 na vingine kwenye 542 na 577, hivyo damu isipobanwa ikatoka pale, kifaa kitachanganya rangi yake na ya karotenoidi.

Vitamini C inafyonza kwenye nanomita 265 hivi, na vitamini E kwenye 295 hivi. Zote mbili ziko kwenye miale ya urujuanimno, mbali kabisa na buluu. Anayekunywa juisi ya ubuyu kila siku anajipatia vitamini C ya kutosha, lakini kimashine kile hakitaiona hata kidogo. Kwa hiyo mtu akisoma namba ile na kutangaza “antioksidanti zako zote”, amesema jambo ambalo kifaa hakikulipima.

Kama kifaa chako ni kile chenye kipimo cha 0 hadi 800, basi 180 ni upande wa chini. Kuna vingine vinavyotumia leza ya buluu na kutoa namba za makumi elfu, kwa hiyo usilinganishe namba ya aina moja na ya nyingine. Uvutaji wenyewe hushusha karotenoidi za ngozi, na unene wa mwili pia.

Ukitaka kuipandisha, njia iko jikoni: viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti, mchicha, matembele, maembe, papai, nyanya zilizopikwa. Vipikwe au viliwe pamoja na mafuta kidogo, kwani karotenoidi haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Mawese mekundu ni tajiri sana, yana miligramu 500 hadi 700 kwa kila kilo, lakini wapo wanaoyachemsha kwanza mpaka yageuke meupe ndipo wakaange. Weupe ule ndio dalili kwamba karotenoidi zimeungua. Rudia kipimo baada ya wiki sita hivi, kifaa kilekile, kidole kilekile. Kupima tena baada ya siku tano hakuna faida, ngozi haibadiliki upesi hivyo.

SWALI: Tunajiandaa kupima karotenoidi za ngozi kwa akina mama na watoto wa shule Unguja, kwa kifaa cha kubana kidole. Wanawake wengi wana hina. Pia watoto wadogo wamepewa matone ya vitamini A hivi karibuni. Tutapata namba za kuaminika? (Afisa lishe, Zanzibar)

JIBU: Mtazipata, mkiiheshimu hina. Rangi yake hushika kwenye protini ya tabaka la juu la ngozi na hufyonza mwanga wa buluu, palepale karotenoidi zinapofyonza. Kidole chenye hina kitatoa namba ya juu ya uongo, na sabuni haitasaidia. Rangi huondoka ngozi yenyewe inapojibandua, na kwenye ncha ya kidole, ambako tabaka hilo ni nene, huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kagueni vidole vyote kwenye mwanga wa jua kabla ya kupima. Chagueni kidole kimoja cha utafiti, kwa mfano cha pete cha mkono wa kushoto, na kimoja cha akiba. Vyote vikiwa na hina, mwandikeni mama huyo arudi baadaye. Msimpime kidole cha tatu ili tu kujaza fomu, maana unene wa ngozi unatofautiana kutoka kidole hadi kidole. Piko pia ikwepeni.

Bizari ya manjano, mawese na maji ya embe hubaki juu ya ngozi, na hayo huoshwa: sabuni na maji, halafu pamba yenye spiriti, kisha kidole kikauke kabisa. Sugu za jembe au za kukuna nazi huongeza unene wa tabaka la juu, basi ziandikwe kwenye fomu.

Kila asubuhi kifaa kisawazishwe kwa kigae cheupe na kigae cheusi vilivyokuja nacho, na kirudiwe kusawazishwa kila mnapohama kituo au joto linapobadilika sana. Msipimie chini ya jua. Kidole cha mtoto ni chembamba, mwanga wa nje hupenya pembeni, hivyo kifunikeni kwa kitambaa cheusi. Chukueni vipimo vitatu kwa kila mtu, mkitoa kidole na kukirudisha kila mara, kisha mpate wastani. Kimoja kikiachana sana na viwili, futeni lenzi na mrudie vyote vitatu.

Jambo moja ambalo miongozo mingi hailisemi: kila asubuhi mpimeni mwenzenu mmoja yuleyule, kidole kilekile. Karotenoidi za ngozi hazipandi wala kushuka ghafla kwa siku moja, kwa hiyo namba yake ikiruka, kilichobadilika ni kifaa. Hapo mnasimama, hamwendelei na foleni.

Matone ya vitamini A hayatawasumbua. Kilichomo ni retinoli, ambayo inafyonza kwenye nanomita 325 hivi na si karotenoidi. Mtoto wa miaka miwili aliyepewa yuniti 200,000 wiki iliyopita atatoa namba ileile aliyokuwa nayo kabla. Hiyo pia ina maana kwamba namba ya kifaa haiwezi kutumika kusema mtoto ana upungufu wa vitamini A au hana. Inaeleza ulaji wa mboga na matunda tu, na ripoti yenu iandike hivyo.

SWALI: Ninasoma famasia. Utafiti wangu ni kupima dawa ya maumivu, diklofenaki ya jeli asilimia 1, inayobaki kwenye tabaka la juu la ngozi. Ninabandua ngozi kwa utepe wa gundi, tepe 20, ninaloweka zote kwenye mililita 10 za methanoli, kisha ninasoma kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga uliofyonzwa na kimiminika), nanomita 276. Ngozi yenye dawa inasoma 0.31. Ngozi isiyo na dawa inasoma 0.29! Je, dawa haiingii? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Dawa huenda imeingia. Tufanye hesabu ambayo ingefaa kufanywa kabla ya kukata utepe wa kwanza.

Kipimo cha kawaida cha kupaka ni miligramu 2 za jeli kwa sentimita ya mraba. Jeli ya asilimia 1 inaweka mikrogramu 20 za dawa kwenye eneo hilo. Utepe wa duara wenye kipenyo cha milimita 22 una eneo la sentimita za mraba 3.8, kwa hiyo chini yake kuna mikrogramu 76. Tuseme asilimia 10 ndiyo iliyobaki kwenye tabaka la juu baada ya kufuta ziada: mikrogramu 7.6. Kwenye mililita 10 hiyo ni mikrogramu 0.76 kwa mililita. Diklofenaki inatoa ufyonzaji wa 0.03 hivi kwa kila mikrogramu 1 kwa mililita. Jibu: 0.023.

Tofauti yako ni 0.02. Inalingana na matarajio, lakini huwezi kuitetea mbele ya msimamizi, kwa sababu tepe za mtu yuleyule kutoka mkono uleule zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya hapo. Hiyo 0.29 imetoka wapi? Imetoka kwenye gundi iliyoyeyuka, na kwenye ngozi yenyewe. Tabaka la juu la ngozi lina asidi urokaniki, ambayo hufyonza kati ya nanomita 260 na 280, na vipande vya protini navyo hufyonza karibu na 280. Umechagua dawa ambayo kilele chake kimekaa katikati ya msongamano huo.

Anza kwa kuligawa tatizo. Loweka tepe 20 mpya, zisizogusa ngozi, kwenye methanoli ileile na usome kuanzia nanomita 220 hadi 400. Ukiona 0.15, basi nusu ya shida ni gundi, na unahitaji kiyeyushi kingine au utepe mwingine. Kisha fanya tepe za ngozi isiyopakwa, kutoka mkono uleule wa mtu yuleyule, idadi ileile. Hiyo ndiyo sampuli tupu ya kweli. Methanoli peke yake kwenye kuveti (kichupa cha kusomea) ya rejea haitoshi.

Ukipata HPLC (mashine inayotenganisha kemikali za mchanganyiko kwa kuzipitisha kwenye safu), itumie. Kigunduzi kinaweza kubaki nanomita 276, kwa kuwa safu inatenganisha diklofenaki na uchafu wote kabla ya kufika kwenye mwanga. Usipoipata, tunakushauri ubadilishe dawa badala ya kung’ang’ana. Asidi salisiliki ya asilimia 5 inafaa kwa sababu inapokutana na feri kloridi hutoa rangi ya zambarau inayosomwa karibu na nanomita 530, mahali ambapo dondoo ya ngozi na gundi havifyonzi karibu chochote. Itoe kwenye tepe kwa maji yenye sodiamu baikaboneti kidogo, ambayo hayayeyushi gundi. Chuja, kisha ongeza asidi taratibu mpaka pH iwe 2 hadi 3, povu litulie, ndipo uweke feri kloridi. Ukiiweka mapema, chuma kitaganda kuwa matope ya kahawia na sampuli imeharibika. Usomaji bado utakuwa mdogo, pengine chini ya 0.1, lakini 0.08 juu ya sampuli tupu ya 0.00 inasomeka vizuri kuliko 0.02 juu ya 0.29. Idara yenu ikiwa na spektrofluorimita ni bora zaidi: salisilati hung’aa karibu na nanomita 410 ukiimulika kwa 300 hivi, na unaona kiasi kidogo zaidi bila kuongeza kemikali.

Upande wa mkono pia kuna makosa ya kawaida. Anayepimwa asipake mafuta wala losheni tangu siku iliyotangulia. Pima bomba la sindano lenye dawa kwenye mizani kabla na baada ya kupaka, usikisie kwa jicho. Baada ya muda uliopanga, futa ziada kwa karatasi laini kavu mara mbili, na karatasi hizo nazo uzipime, kwani usipoweza kuonyesha mikrogramu zote 76 zilikwenda wapi, huna utafiti. Chora mpaka wa eneo kwa kalamu ili kila utepe utue palepale. Bonyeza kwa rola au kizito kilekile kwa sekunde 10, kisha vuta kwa mkupuo mmoja. Ukivuta polepole unabandua ngozi nyingi zaidi, na tepe zako hazitalingana. Acha ngozi ikianza kuwa nyekundu au kumeremeta.

Mikunjo ya ngozi ndiyo inayodanganya wengi. Dawa hulala ndani ya mikunjo bila kuingia popote, halafu inatoka kwenye utepe wa 15, na mwanafunzi anaandika kwamba imepenya chini. Rola inayonyoosha ngozi wakati wa kubonyeza inapunguza hili. Na usichore grafu ya dawa dhidi ya namba ya utepe ukaiita kina. Utepe wa kwanza unabeba seli nyingi kuliko wa kumi. Pima seli zenyewe kwa mizani inayosoma mikrogramu, au kwa kusoma jinsi utepe ulivyozuia mwanga kwenye nanomita 850 kabla ya kuuloweka.

Mwisho, dondosha kiasi unachokijua cha dawa kwenye utepe wenye ngozi, utoe, usome. Usiporudishiwa angalau asilimia 90, rekebisha uloweshaji kabla ya kumgusa mtu yeyote. Na kibali cha maadili ya utafiti kiwe mkononi kabla ya mtu wa kwanza.

SWALI: Ninasoma Ujerumani, maabara yetu ina mashine ya Raman ya konfokali, inayomulika ngozi kwa leza na kusoma mwanga unaorudi kutoka kina kimoja kimoja. Wananiambia inaona dawa ndani ya ngozi bila kubandua chochote. Lakini nilipojipima mwenyewe, mchoro ulipanda kama mlima na vilele vikazama. Wenzangu weupe hawapati hilo. Tatizo ni ngozi yangu? (Mwanafunzi kutoka Mombasa)

JIBU: Hapana dada, tatizo ni kipimo kilichopangwa kwa kuwatazama watu wa aina moja. Unachokiona ni melanini, rangi nyeusi ya ngozi, inang’aa. Leza inapoigusa, melanini inarudisha mwanga mpana unaofunika vilele vya Raman, ambavyo kwa asili ni hafifu mno. Kwenye nanomita 785 mng’ao huo ni mdogo kuliko kwenye leza za kijani au buluu, lakini haujaisha.

Tumia upande wa ndani wa mkono kati ya kiwiko na kiganja, ambako melanini ni kidogo kuliko upande wa nje. Acha leza imulike sehemu ileile kwa muda mfupi kabla ya kuanza kurekodi, ndani ya kiwango cha usalama wa ngozi, mng’ao utafifia kiasi. Kisha ongeza idadi ya vipimo na upate wastani. Programu ya kuondoa msingi wa mchoro inanyoosha mlima, lakini kelele ya mlima inabaki, na kelele ndiyo inayokula dawa ya kiwango kidogo. Kiganja kinavutia kwa sababu kina melanini kidogo sana, ila tabaka lake la juu lina unene wa mamia ya mikromita dhidi ya 10 hadi 20 za mkono, kwa hiyo matokeo ya kiganja hayaelezi dawa inavyopenya mkononi.

Kuhusu dawa yenyewe: pima kwanza ngozi ikiwa tupu, hatua ya mikromita 2 kwa 2 kwenda chini, ukikumbuka kwamba uwezo halisi wa kutenganisha kina ni kama mikromita 5. Rekodi mchoro wa dawa peke yake na wa krimu isiyo na dawa. Kila kipimo ukigawanye kwa keratini (protini kuu ya tabaka la juu la ngozi) ya kina kilekile, maana mwanga unapungua kadiri unavyoshuka, na usipogawanya utaona dawa “inapungua” hata kama imesambaa sawasawa. Dawa iwe na kilele chake pekee. Kafeini, kwa mfano, ina kilele karibu na 555 kwa sentimita (kipimo kinachotumika kwenye mchoro wa Raman), penye utulivu. Futa kioo cha mashine kati ya mtu na mtu, kwani krimu iliyobaki juu yake huonekana kama dawa iliyo kwenye mikromita sifuri.

Na usikubali kuondolewa kwenye orodha ya wapimwaji kwa sababu ya “mchoro mbaya”. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kuwa kifaa cha kidole cha kupima oksijeni kilikosa upungufu wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi waliosomeka kuwa salama, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo mingi. Chanzo ni kilekile: mwanga umepita kwenye pazia la melanini na hesabu haikulijali. Andika rangi ya ngozi ya kila mshiriki kwa kipimo, si kwa kukisia, na mwambie msimamizi wako kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa cha dawa ambacho mashine inaweza kukiona, kitolewe kwa kila kundi.

SWALI: Mdogo wangu ametumia mkorogo kwa miaka miwili. Je, kuna mwanga wa kupima zebaki au haidrokwinoni iliyobaki kwenye ngozi yake? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Pimeni krimu, msipime ngozi. Haidrokwinoni, kemikali ya kung’arisha ngozi, inafyonza karibu na nanomita 290, mahali palipojaa protini za ngozi, na haikai muda mrefu. Zebaki haina rangi ya kuonekana hapo. Lakini kwenye kopo, mashine ya mkononi ya eksirei huiona kwa dakika chache: inarusha eksirei, zebaki inarudisha eksirei zenye nishati yake maalumu. Kikomo cha kimataifa kilikuwa miligramu 1 kwa kilo, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zikakubaliana mwaka 2023 kuondoa kabisa vipodozi vilivyowekwa zebaki. Krimu zenye zebaki mara nyingi huwa na maelfu ya miligramu kwa kilo, hivyo mashine haibabaiki.

Kwa mdogo wako, kipimo ni zebaki kwenye mkojo, pamoja na protini kwenye mkojo kuangalia figo. Aache mkorogo leo. Ikiwa una steroidi ndani yake, ngozi inaweza kuwaka na kuvimba baada ya kuacha, kwa hiyo amwone daktari wa ngozi wiki hiihii. Kopo lifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na lipelekwe ofisi ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) likiwa na lebo yake. Msilichome moto, zebaki hugeuka mvuke na mtaivuta. Taulo, mito na mashuka aliyokuwa akitumia yatengwe, na kama kuna watoto wanaolala naye, nao wapimwe mkojo.